Mbeya mpaka Livingstone na kurudi bila gari: mimi, wifi na mabasi

Kutoka Mbeya kwenda Lilongwe kwa barabara ni karibu kuliko kwenda Dar. Ukimwambia mtu anabisha, ila fungua ramani upime mwenyewe, Dar ni kilomita 800 na zaidi, Lilongwe ni 700 na kitu. Sasa sisi watu wa huku juu tukisema likizo ya nje ya nchi kichwani inakuja Dar, uwanja wa ndege, tiketi ya mamilioni, wakati ukipanda costa asubuhi hapo stendi ya Nane Nane, mchana uko nchi ya watu unakula samaki.

Safari yenyewe, Malawi na Zambia kwa mabasi, ni ya mimi na wifi yangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya, wifi ni nesi Iringa, gari hana yeye wala sina mimi. Tumesharudi salama na haya nayaandika kutoka kwenye daftari la wifi, maana yeye anaandika kila kitu mpaka bei ya karanga, na picha za simu yangu ambazo nyingi ni za chakula.

Mipango tuliifanya kwa simu karibu miezi miwili. Mwanzo tulikuwa tunataja miji tu, Mzuzu, Lilongwe, Lusaka, Livingstone, kama watu wanaoagiza soda. Wifi ndo akasema hapana, tusipange miji tupange mabasi: linaondoka saa ngapi, linajaza au lina muda wake, na tunafika kukiwa na mwanga au giza. Kila kipande kiishe kabla ya magharibi, kisichowezekana tunakikata vipande viwili na kulala katikati. Hiyo ndo iliamua kila kitu, hata sehemu za kulala. Mji mzuri ukifika saa nne usiku na begi mgongoni huku hujui kushoto wala kulia ni mbaya tu.

Karatasi: pasipoti ni 150,000, viza Mtanzania huhitaji Malawi wala Zambia, unagongewa muhuri mpakani. Beba na kadi ya njano hata kama hutaulizwa. Hela tulibeba shilingi, dola kidogo za kufichwa, na kadi ya benki.

Jumamosi 28 Juni: Mbeya, Tukuyu, Kasumulu, Karonga

Wifi alifika kwangu Ijumaa jioni na majaketi mawili, eti Iringa kuna baridi lakini ya Mbeya inauma. Asubuhi tukawahi Nane Nane, costa ya Kyela, nauli elfu kumi mpaka njia panda ya Kasumulu. Kuanzia Uyole mpaka Isyonje ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva anaendesha kwa kupiga honi, halafu ukishaanza kuteremka kuelekea Kiwira mambo yanabadilika, migomba, chai, parachichi kwenye ndoo dirishani, Tukuyu manyunyu kama kawaida yake. Ukifika chini kwenye joto la Kyela wifi alikuwa ameshavua jaketi zote mbili na kitambaa.

Njia panda tukachukua bodaboda mpaka mpakani, elfu mbili mbili. Boda wangu akauliza, "Mama mnaenda kufuata mzigo gani?" Nikamwambia tunaenda kutembea. "Kutembea kwa nani?" Hatuna mtu, tunaenda kutembea tu. Akanyamaza njia nzima. Hilo swali tumeulizwa mpaka mwisho wa safari, mwanamke wa Kitanzania na begi mpakani basi lazima ni mfanyabiashara.

Mhuri wa kutoka, mnatembea darajani juu ya mto Songwe kwa miguu, mhuri wa kuingia. Wabadilisha hela watawazunguka kama kumi hivi kila mmoja anapiga kikokotoo. Ushauri wangu: bei ya mpakani na ya benki Malawi zinapishana sana kwahiyo uliza kwanza abiria wenzako ndani ya costa siku hiyo inakwendaje, badilisha ya kukufikisha tu, hesabu mwenyewe noti moja moja na ukishahesabu usimrudishie tena mkononi "ahakikishe". Hapo ndo noti zinapopungulia.

Kitu kingine ambacho kitakusumbua ni saa. Malawi na Zambia wako nyuma yetu saa moja, halafu hawahesabu saa kama sisi. Konda akikwambia "six" ujue ni saa kumi na mbili asubuhi ya kwao, ambayo Mbeya ni saa moja. Sisi kila tiketi tulikuwa tunamwambia aandike kwa tarakimu, 06:00 au 18:00, na wifi anatafsiri kwenye daftari.

Songwe mpaka Karonga ni teksi za kuchangia, nyuma tulikaa wanne na kuku mmoja, vizuizi vya polisi viwili au vitatu njiani lakini hakuna aliyetusumbua. Na hapa nilifurahi sana jamani. Wangonde wa Karonga ni ndugu zetu kabisa, mama niliyebanana naye alikuwa anaongea na simu Kingonde na mimi nasikia kila kitu, alipokata nikamsemesha Kinyakyusa cha Tukuyu, akageuka akaniangalia, akacheka mpaka akapiga paja. Majina yenyewe yanaanza na Mwaka- kama ya kwetu, Mwaka huku Mwaka kule. Alipojua hatuna pa kulala akashuka na sisi, akatupeleka kwa miguu mpaka gesti ya mtu anayemfahamu, akahakikisha chumba kina neti, akatupangia bei, halafu nilipotaka kumpa hela ya soda akakataa, akasema nikirudi nimletee mchele wa Kyela. Ndaga fijo mama, asante sana, nadaiwa.

Kwa kuwa tuliongezewa saa moja ya bure tukapata muda wa kwenda makumbusho ya Karonga kwa baiskeli za abiria, wanaziita kabaza, unakaa kwenye kariya yenye mto laini. Ndani kuna nakala ya mifupa ya dinosaria, Malawisaurus, aliyechimbwa upande huo huo wa Karonga. Wifi akakumbuka wetu wa Tendaguru kule Lindi yuko Berlin na sisi Watanzania wengi hatujawahi kumwona, tukaishia kununa kidogo. Jioni nsima na usipa, dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Nsima yao laini kuliko ugali wetu, inachotwa kwa kijiko kilicholowa maji, mimi nimeipenda, wifi alilalamika kwamba haishikiki.

Jumapili 29 Juni: Karonga mpaka Mzuzu

Minibasi za kujaza. Tulifika stendi mapema tukakaa ndani zaidi ya saa mbili mpaka siti ya mwisho ipate mtu, na "siti ya mwisho" ni maneno tu, walizidi kuongeza. Nauli kama elfu ishirini ya kwetu.

Barabara inafuata ziwa upande wa kushoto kwako, kwahiyo kaa kushoto. Kwetu Ziwa Nyasa, kwao Ziwa Malawi, ndani ya minibasi sikufungua huo mjadala. Chiweta ndo pazuri, gari inaacha ziwa na kuanza kupanda mlima kwa kona, nyani wamekaa ukingoni wanaangalia magari, ukitazama chini maji yote yako miguuni mwako. Kijana mmoja wa dirishani alihama akampa wifi nafasi apige picha, bila kuombwa.

Mzuzu kuna baridi ya kistaarabu, karibu na Mbeya. Kuna kahawa nzuri pale mjini, nyingine inatoka Misuku, vilima ambavyo upande wa pili ni Ileje kwetu, kwahiyo nimelipa nauli siku mbili kwenda kunywa kahawa ya jirani. Gesti safi karibu na stendi, vitanda viwili, maji ya moto ya ndoo.

Jumatatu mpaka Jumatano: Nkhata Bay

Kilomita kama 50 tu kutoka Mzuzu, unashuka mteremko mpaka ziwani. Hapa tulipanga kutofanya kitu na hatukufanya. Nyumba za wageni ziko kando ya maji, kimoja tulichochukua ni kibanda cha mbao juu ya mawe, usiku unasikia maji chini ya kitanda. Asubuhi wavuvi wanaleta usipa, wanaanika kwenye vichanja virefu, na samaki anayeitwa chambo akipatikana unamlipia hapohapo wanakuchomea. Maji ni maangavu, wale samaki wadogo wa rangi rangi unawaona ukiwa umesimama tu bila miwani.

Sasa maneno ya nesi: kichocho kipo kwenye hili ziwa. Wifi aliogelea sehemu yenye mawe na maji ya kina mbali na majani ya pembeni, na bado akasema tukishatimiza wiki sita hivi toka tulipoogelea tukapime na kumeza dawa, kwa sababu ukimeza mapema sana haikusaidii. Na malaria pia, sisi wa Mbeya tunajisahau kwa sababu ya baridi, ila Karonga na Nkhata Bay ni joto na mbu wapo, lala ndani ya neti.

Jumatano jioni tukarudi kulala Mzuzu ijapokuwa moyo ulikuwa hautaki, sababu basi la Lilongwe linaondoka alfajiri na kutoka Nkhata Bay usingeliwahi. Kupanga mabasi maana yake ndo hiyo, unaacha ziwa saa tisa mchana ukilalamika.

Alhamisi 3 Julai: Mzuzu mpaka Lilongwe

Hii ndo siku pekee tulifika usiku bila kupenda, na haikuwa kosa la mtu ndani ya basi. Malawi ilikuwa na shida ya mafuta, vituo vina foleni za magari yaliyozima, madumu yamepangwa mstari, watu wamelala kwenye viti vya mbele. Basi letu lilikuwa lijaze kabla ya kutoka, tukakaa kwenye foleni toka asubuhi mpaka karibu saa sita mchana. Abiria hakuna aliyegomba, walishazoea, mama mmoja akafungua ndoo akaanza kuuza mandasi palepale, na mandasi ni maandazi yetu kabisa, labda sukari imezidi.

Kisha ni misitu ya misonobari ya Viphya, mirefu kama ya Mafinga Sao Hill, wifi akajiona yuko nyumbani akalala. Kasungu giza likatukuta. Lilongwe tukaingia usiku saa tatu kasoro na mpango wa wifi umevunjika, tukabaki tumekaa kwenye siti hatushuki. Mzee aliyekuwa mbele yetu akauliza tunafikia wapi, nikamwonyesha jina la gesti kwenye simu, akasema huko hamwendi kwa miguu saa hizi. Mwanae alikuja kumpokea na kagari kadogo, wakatupakia na mabegi yetu, wakazunguka mpaka tukaipata, na mzee akashuka kwanza yeye kugonga geti. Mafuta yenyewe ni hayo ya foleni! Tulimlazimisha achukue hela, akachukua nusu, nusu akairudisha kwenye mkoba wa wifi.

Kwa atakayekuja: kabla hujapanga siku ya Lilongwe uliza hali ya mafuta kwa watu walioko huko wiki hiyo hiyo, na acha siku moja tupu kwenye ratiba. Sisi tulikuwa nayo, ikatuokoa.

Ijumaa 4 Julai: Lilongwe

Mji mkuu toka 1975, kabla yake ilikuwa Zomba, na umepangwa kwa namba, Area hii Area ile, halafu namba hazifuatani kwahiyo usidhani Area 3 na Area 4 utatoka kwa miguu. Tulikaa Old Town tu. Soko liko pande mbili za mto na watu wamejenga vidaraja vya mbao, unalipa sarafu unavuka, vinatikisika na mimi nilivuka nimefumba macho huku wifi ananicheka. Bendera zilikuwa zinafungwa kila mahali kwa ajili ya Julai 6, sikukuu yao ya uhuru. Mengine yote ya Lilongwe ni kufua nguo.

Jumamosi 5 Julai: Lilongwe, Mchinji, Chipata

Kipande rahisi kuliko vyote. Gari ya kuchangia mpaka Mchinji mpakani, mihuri, ukishavuka uko Mwami, teksi nyingine mpaka Chipata, saa saba mchana tuna chumba. Sema mwenyewe siku unazohitaji wakati wa kugongewa, usiachie muhuri ukusemee. Kwacha za Malawi zimalizie Malawi, nunua hata biskuti, kwa sababu Zambia nao wana kwacha lakini ni nyingine kabisa na noti zako za Malawi ukishafika Lusaka ni mapambo. Wakati wetu kwacha moja ya Zambia ilikuwa kama shilingi mia na kumi.

Laini ya simu tulinunua kila nchi, wanasajili kwa pasipoti, wala haikuchukua muda.

Jumapili 6 Julai: Chipata mpaka Lusaka

Hapa mabasi yana muda, tiketi ina namba ya siti, na linaondoka na saa yake kweli, tulishangaa. Kwacha mia nne na kidogo. Kilomita karibu 570, Katete, Petauke, Nyimba, kisha unashuka mpaka daraja la Luangwa ambako basi linasimama na madirisha yote yanajaa samaki wakavu kwenye vifungu. Tulinunua vifungu viwili vya kurudi navyo nyumbani, na kuanzia hapo mpaka Mbeya begi langu lilikuwa halikai karibu na mtu.

Tukafika Intercity mchana wa saa tisa. Stendi yenyewe iko Dedan Kimathi Road, wapiga debe wanakuvuta mkono kuliko hata Mbezi, kamata begi na tembea kama unayejua unakokwenda. Kwenye kibanda cha chai tukasikia Kiswahili, kaka mmoja wa Tunduma anayefunga mizigo ya nguo. Swali la kwanza, "Dada zangu mmekuja kufunga mzigo gani?" Tukaeleza. Akacheka, lakini ndo yeye aliyetuambia jambo ambalo lingetuharibia wiki nzima: Jumatatu ya kwanza ya Julai Zambia ni Siku ya Mashujaa na Jumanne yake ni Siku ya Umoja, watu wote wanasafiri, Livingstone inajaa. Akaenda na sisi dirishani tukakata tiketi za Jumanne palepale, na zilikuwa zimebaki za nyuma. Kwahiyo mwenzangu ukipanga mwanzoni mwa Julai kumbuka zinafuatana, Malawi tarehe 6, sisi Saba Saba, Zambia zile mbili.

Jumatatu 7 Julai: Lusaka

Ofisi zimefungwa, Cairo Road imetulia unaweza kuvuka bila kukimbia. Vitenge vya Kamwala nilivitafuta kwa maduka machache yaliyokuwa wazi, nikanunua vipande vitatu, kwahiyo basi, mzigo nimefunga kweli.

Sokoni ndo nikakutana na chikanda. Inakatwa kipande kama keki, rangi ya kahawia, imetengenezwa na karanga na viazi vya maua ya okidi. Wifi akaigusa akasema haya si yale yanayochimbwa Makete? Ndiyo yenyewe. Viazi vya okidi vya huku kwetu vimechimbwa miaka na miaka vikapelekwa Zambia kupitia Tunduma, na uharibifu huo ni mojawapo ya sababu Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa 2005. Tulipita njia panda ya Kitulo pale Isyonje siku ya kwanza bila hata kugeuza shingo. Muuzaji akatupa tuonje, ni tamu, ina pilipili, nimeila nikiwa najisikia vibaya. Wifi alikataa.

Jumanne 8 Julai: Lusaka mpaka Livingstone

Basi limejaa mpaka kwenye njia, siti za nyuma zinarusha. Mazabuka miwa mpaka macho yanachoka, Monze, Choma, Kalomo. Nilisinzia sehemu kubwa.

Jumatano 9 Julai: Mosi-oa-Tunya

Mosi-oa-Tunya ndo Victoria Falls. Maporomoko yako kama kilomita 10 kutoka mjini, teksi ya kuchangia inakupeleka. Getini mwenyeji na mgeni hawalipi sawa kwahiyo pasipoti iwe mfukoni.

Nilikuwa nimeona picha. Picha hazina sauti wala hazilowi. Upana wake ni mita 1,708 na kimo mita 108, na Julai maji bado ni mengi lakini yameshapungua kidogo toka kilele chake cha Aprili, hivyo unaona ukuta wenyewe kupitia mvuke, na watu walituambia ukija Aprili unaona ukungu mweupe tu. Kwenye kile kidaraja chembamba cha miguu mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu. Wanakodisha makoti ya mvua, kodi, au fanya kama wifi aliyesema yeye ni mtu wa Iringa hawezi kulipia maji, akatoka ameloa mpaka ndani ya viatu akiimba. Kaanika nguo zake juu ya jiwe nyani wakaja, hawakutaka nguo, wakachukua mfuko wa vitumbuwa vyetu vyote. Chakula usikibebe mkononi kabisa pale.

Mchana tukaomba ruhusa ya kwenda kwenye daraja tu na kurudi, wanakuandikia kikaratasi uhamiaji bila kugonga muhuri wa kutoka. Daraja ni la 1905, reli na barabara pamoja, katikati ndo Zambia na Zimbabwe zinakutana. Wazungu wanajirusha na kamba. Wifi akaniuliza naweza, nikamwambia mimi watoto wananisubiri.

Ijumaa 11 na Jumamosi 12 Julai: Lusaka, Mpika, Nakonde, Tunduma, Mbeya

Alhamisi ilikuwa kurudi Lusaka basi. Mpango wetu wa kwanza wa kurudi ulikuwa treni ya TAZARA kutoka Kapiri Mposhi, reli yenyewe ni kilomita 1,860 na ingetushusha Iyunga karibu na kwangu kabisa, ila siku tulizotaka hakukuwa na treni ya abiria. Ukiitaka nenda kaulize stesheni Iyunga kabla hujatoka Mbeya, usitegemee ya kuambiwa.

Basi la Nakonde basi, kilomita elfu moja hivi, kwacha mia sita. Hapa wifi alifanya hesabu nzuri. Zambia mabasi ya abiria hayaruhusiwi kutembea kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, kwahiyo ukipanda la alfajiri unafika Nakonde usiku, mji wa mpakani, malori kila kona. Tukachagua la mchana makusudi: saa tatu usiku likasimama Mpika, tukalala humohumo kwenye siti. Mpika Julai ni baridi hasa, vioo vyote vimetoa jasho, watoto wanakohoa. Mama wa siti ya pembeni akafungua begi lake la biashara, akatoa vitenge vipya ambavyo bado vina karatasi, akagawa safu nzima, sisi viwili, asubuhi akavikusanya akavikunja upya kwa mikunjo ileile. Mimi fundi nilimwangalia mikono, hakuna hata kimoja kilichoonekana kimetumika.

Saa kumi na moja kamili injini ikawaka, saa nne ya kwao tuko Nakonde na hapo Kiswahili kinaanza tena, kila mtu anakwambia karibu dada. Mhuri, unatembea, Tunduma, sogeza saa mbele. Malori yamepanga mstari kuanzia mpakani sijui mpaka wapi. Costa ya Mbeya elfu nane, Vwawa, Mlowo, Mbalizi, saa tisa alasiri niko Mwanjelwa na begi linanuka samaki. Konda wa Tunduma naye aliuliza tumeleta mzigo gani, nikamwonyesha vitenge vitatu, akaridhika.

Hesabu ya daftari la wifi: nauli zote kama laki tatu kila mtu. Vyumba tulichangia, kati ya elfu ishirini na tano na arobaini kwa usiku kila mmoja, Livingstone ikazidi. Jumla na chakula, viingilio na laini za simu kila mmoja alitumia karibu milioni moja, vitenge sijaviweka. Ukitaka kuizungusha kinyume, uanze Tunduma umalizie Karonga, inawezekana, ila utaanza na lile basi refu la Nakonde kwenda Lusaka ukiwa bado hujazoea, na shida ya mafuta ya Malawi kama ipo itakukuta mwishoni wakati hela imeisha. Mimi ningeanza na Kasumulu.

Mchele wa yule mama wa Karonga nimeshanunua, kilo kumi, nasubiri mtu wa kuaminika anayeshuka Kyela.